Msaada: nyimbo za FLAC, WMA na M4A ziwe MP3 zipige kwenye sabufa na redio ya gari bila kuharibu sauti

#1 MtaaWaTegeta

Wakuu, habari za jioni. Nina diski ya nje yenye nyimbo za miaka mingi, karibu GB 60. Ni mchanganyiko wa kila kitu: CD za mzee wangu zilizoingizwa kwenye kompyuta ya zamani (hizo ni WMA), FLAC alizonipa binamu yangu ambaye kwa mambo ya sauti ni mgonjwa, M4A zilizotoka kwenye simu ya dada, na MP3 za mtaani.

Laptopu inazipiga zote kupitia VLC. Kasheshe inaanza nikichomeka flashi kwenye sabufa ya sebuleni au redio ya gari. Zinasoma MP3 tu, zilizobaki zinarukwa kama hazipo.

Tovuti za kugeuza mtandaoni nimejaribu, zinakula bando na kila kitufe cha kupakua ukibonyeza kinakupeleka kwenye kamari. Naomba kujuzwa: programu gani ya bure ya kufanyia kazi hii nyumbani, niweke kiwango gani, na je, zile MP3 za kbps 128 (kilobiti kwa sekunde) nizipandishe hadi 320 zipate kishindo? Natumia Windows 10, RAM GB 4.

#2 PanyaBuku

Naweka kambi hapa, ngoja waje wajuvi.

#3 DJ Kibatari

Mkuu usijipe presha. Pandisha zote 320, mchezo umekwisha. Mimi kazi zangu za ukumbini nyingi natoa YouTube kwa tovuti ya kugeuza, nachagua 320, besi inagonga mpaka vioo vinatetemeka.

#4 MzeeWaKinanda

Tegeta, kabla ya programu ujue kwanza umeshika nini, maana ukikosea hapo utaharibu nyimbo za mzee na hutajua mpaka siku umeshafuta zile za mwanzo.

Kuna faili zisizopoteza kitu. WAV ni sauti ya CD kama ilivyo: sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kila sekunde, biti 16, chaneli mbili. Hiyo ni kbps 1,411, yaani MB 10 na ushee kwa dakika moja. FLAC, iliyotoka mwaka 2001, inaubana mzigo huohuo mara nyingi ukabaki kama nusu au zaidi kidogo, na ukiifungua unarudishiwa kila biti mahali pake. ALAC ya Apple ni hivyohivyo. Kati ya hizi tatu geuza utakavyo, nenda rudi nenda rudi, hakuna kinachopungua.

Halafu kuna faili zinazotupa: MP3, AAC, WMA ya kawaida, Ogg Vorbis, Opus. Hizi zinaondoa kile ambacho sikio la binadamu linakikosa kirahisi, hasa sauti za juu kabisa na sauti ndogo zinazofunikwa na kubwa iliyo jirani. Kilichotupwa hakirudi. Na ukigeuza kutoka moja ya hizi kwenda nyingine, programu inafungua kilichobaki, halafu inatupa tena juu yake. Ndiyo maana WMA ya 128 ikigeuzwa MP3 ya 128 inatoka mbaya kuliko WMA yenyewe: matoazi yanaanza kusikika kama maji yanayochuruzika, na kayamba inapoteza ule ukali wake.

Kwa hiyo tupa mara moja tu, na utupe kutoka kwenye faili mama, yaani ile ya mwanzo iliyo bora kuliko zote.

Hilo linajibu swali lako la kupandisha. Ukimimina nusu lita ya maji kwenye ndoo ya lita ishirini, umebeba ndoo kubwa lakini maji ni nusu lita ileile. Wimbo wa dakika 4 wa kbps 128 ni MB 4 hazifiki. Uugeuze 320 utakuwa MB 9.6 na ndani yake hakuna hata chembe mpya. MP3 zako ziache kama zilivyo, sabufa inazisoma tayari.

Sasa faili zako moja moja. FLAC za binamu ndizo mali. Zigeuze MP3 kwa ajili ya flashi, lakini zenyewe usizifute, zibaki kwenye diski kama faili mama. Kesho ukinunua redio inayosoma FLAC, au ukitaka kiwango kingine, unaanzia hapo.

M4A usizihukumu kwa mkia wa jina. M4A ni boksi tu. Ndani inaweza kuwa AAC, inayotupa, au ALAC, isiyotupa. Fungua kwa programu ya MediaInfo ikuambie. Ukikuta 128 au 256, hiyo ni AAC. Ukikuta 700, 900, 1,000 na kuendelea, karibu hakika ni ALAC, itendee kama FLAC.

WMA za mzee ni habari ya huzuni kidogo, kwa sababu CD ilikuwa mkononi na mtu akachagua WMA. Kama CD zenyewe bado zipo kwenye kabati, ziingize upya kwa FLAC. Kwenye Windows 10 hata Windows Media Player ya kawaida inaweza: ingia kwenye mipangilio ya kunakili CD, badili fomati iwe FLAC. CD ikiwa na mikwaruzo tumia Exact Audio Copy, inasoma polepole na kurudia sehemu zenye utata. CD zikiwa zimepotea, basi geuza WMA kwenda MP3 kwa kiwango cha juu kidogo, ili huo utupaji wa pili uwe mdogo, na WMA uzitunze.

Programu: fre:ac. Ya bure, msimbo wake uko wazi, na RAM GB 4 inaitosha kabisa. Unaburuta folda ndani, unachagua LAME MP3 (kigeuzi cha kutengeneza MP3), unaonyesha folda ya kutolea, unabonyeza kuanza. Folda ya kutolea iwe tofauti na ya faili mama, nasisitiza. Wengine watakutajia foobar2000, nayo ni nzuri, ila inataka uipe vifurushi vya kodeki (vigeuzi vya sauti) pembeni.

Kiwango: ndani ya LAME kuna ngazi za VBR, yaani kbps zinazopanda na kushuka kufuata wimbo. V2 inazunguka kbps 190, V0 kama 245. Kwa gari na sabufa V2 inatosha, na sijaona mtu wa kawaida anayeitofautisha na CD akiwa amefumbwa macho. Kwa WMA zako weka V0. Flashi ya GB 16 itabeba zaidi ya nyimbo 2,500 za V2, kama zina wastani wa dakika 4.

#5 DJ Kibatari

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, masikio yangu hayanidanganyi. Nikiweka 128 na nikiweka 320 ya tovuti, ya 320 inagonga zaidi. Ukumbi mzima unashuhudia.

#6 MzeeWaKinanda

Marahaba kijana. Sibishani na masikio yako, nabishana na sababu. Angalia mambo mawili.

La kwanza, YouTube yenyewe haikupi MP3. Sauti yake inatoka kwa Opus au AAC, na AAC yake ya kawaida ni kama kbps 128. Ile tovuti inachukua hiyo, inaifungua, inaigeuza MP3 na kuibandika namba 320. Kwa hiyo wimbo umetupwa mara mbili tayari kabla haujakufikia. Pakua programu ndogo inaitwa Spek, ya bure, buruta wimbo ndani. Itakuchorea picha: chini ni sauti nzito, juu ni sauti kali. Mara nyingi utakuta 320 ya tovuti rangi zinakatika ghafla kwenye kHz 16 kama zimepigwa rula. MP3 ya 320 iliyotoka kwenye CD inafika karibu kHz 20.

La pili, besi. Kubana hakuanzii kwenye besi, kunaanzia juu. Besi ya Hz 60 iko salama hata kwenye faili ya 128. Kama moja inagonga zaidi, aidha ni toleo jingine la wimbo au sauti imepandishwa. Sikio likisikia kitu kikubwa zaidi kidogo linasema ni kizuri zaidi, hata langu. Sawazisha sauti kwanza ndipo ulinganishe.

#7 PanyaBuku

Mzee swali la pembeni. FLAC ina ngazi 0 hadi 8. Ya 8 ndiyo yenye sauti safi zaidi?

#8 MzeeWaKinanda

Hapana. Zote zinarudisha sauti ileile biti kwa biti. Ngazi ya juu inatumia muda mrefu kubana na faili inapungua kidogo sana. 5 ndiyo ya kawaida, iache hapo.

#9 FundiSabufa

Mzee kamaliza kwenye sauti, mimi niongee upande wa vifaa maana ndivyo vinavyoletwa mezani kwangu kila siku, na nusu yake sio vibovu.

Mkuu Tegeta, sabufa za bei ya kawaida zina kibao kidogo cha saketi ndani cha kusoma flashi, nacho ni kizito kuelewa mambo. Kwanza flashi ifomatiwe kwa mfumo wa faili wa FAT32. Ukiifomati NTFS au exFAT nyingi zitaandika NO USB na utadhani tundu limekufa. Flashi ya GB 64 Windows haikupi FAT32 kwenye dirisha la kawaida, tumia programu ya Rufus.

Pili, hiyo VBR ya mzee ni nzuri lakini baadhi ya redio zinaonyesha dakika za uongo, wimbo wa dakika 4 unaandikwa 9, na ukisogeza mbele unatua mahali sipo. Ikikutokea, geuza kwa CBR 192 (kbps zisizobadilika), ni salama kila mahali.

Tatu, FLAC za watu wa sauti nyingine ni biti 24 na kHz 96. Ukizigeuza hakikisha zinatoka kHz 44.1. MP3 yenyewe mwisho wake ni kHz 48, ila kuna redio hata 48 zinakwamakwama.

Nne, picha ya jalada. Kuna watu wanabandika picha ya MB 5 ndani ya kila wimbo. Redio inaganda sekunde kadhaa kabla ya kuanza kupiga. Tumia Mp3tag, chagua nyimbo zote, punguza au toa picha, na uhifadhi lebo (jina la wimbo, msanii na kadhalika) kwa ID3v2.3 badala ya 2.4. Majina ya wasanii yanayotokea kama vijisanduku yatapungua.

Na kitu kimoja wanachonifanyia wateja: anabadilisha jina, wimbo.wma anauandika wimbo.mp3, halafu analeta sabufa nitengeneze. Kubadili mkia wa jina hakugeuzi chochote ndani.

#10 MtaaWaTegeta

Fundi na mzee, nimewasoma vizuri sana. fre:ac iko kazini hapa, FLAC zinashuka moja baada ya nyingine. M4A za dada zote MediaInfo inasema AAC 256. Hizo nizigeuze V0 au?

#11 MzeeWaKinanda

V0. Ila, ingawa ulisema inasoma MP3 tu, jaribu kwanza mbili tatu kwenye redio ya gari kama zilivyo, redio nyingi za miaka ya karibuni zinasoma AAC. Kama inazisoma, usiziguse. Sabufa ndiyo uitengenezee nakala.

#12 BintiKizingo

Hamjambo huko, mimi niko Mombasa. Kwa wasiopenda kubonyezabonyeza, ffmpeg, programu ya bure unayoiandikia amri, inafanya yote haya kwa mstari mmoja. Kwenye Linux ni `sudo apt install ffmpeg`, kwenye Windows ni `winget install Gyan.FFmpeg`. Ukiwa ndani ya folda ya FLAC, kwenye dirisha jeusi la Windows (Command Prompt) andika:

`for %a in (*.flac) do ffmpeg -i "%a" -vn -ar 44100 -c:a libmp3lame -q:a 2 -id3v2_version 3 "%~na.mp3"`

Hiyo `-q:a 2` ndiyo V2 ya mzee, `-vn` inaondoa picha ya jalada, `-ar 44100` inashusha zile za kHz 96, na `-id3v2_version 3` ndiyo lebo anayoitaka fundi. Ukitaka CBR, badala ya `-q:a 2` weka `-b:a 192k`. Ukiiandika ndani ya faili ya .bat, kila % iwe %%, la sivyo itagoma na utajiuliza kwa nini.

Na kwa kuongezea: zamani programu nyingi za bure, Audacity mojawapo, zilikuwa zinakutuma ukatafute LAME mwenyewe kwa sababu MP3 ilikuwa na hataza (haki za wavumbuzi). Zilikwisha Marekani 2017, siku hizi inakuja ndani. Ukikutana na maelekezo ya kizamani ya kutafuta faili ya dll kwenye tovuti za ajabuajabu, achana nayo, ndimo virusi vinamopandia.

#13 MswahiliWaMaskati

Assalam alaykum jamaa. Niko Muscat, nawafuatilia kimya. Mimi sina CD, nina kanda za taarab za marehemu shangazi, alizirikodi mwenyewe kwenye harusi za Unguja. Deki ya kanda ninayo na inafanya kazi. Nimejaribu kuchomeka waya kwenye laptopu nikarikodi kwa MP3, inatoka upande mmoja tu na imepasukapasuka. Nifanyeje?

#14 MzeeWaKinanda

Wa alaykum salaam. Kanda kama hizo hazina nakala nyingine duniani, kwa hiyo nenda taratibu.

Tundu la laptopu unalochomeka karibu hakika ni la maikrofoni. Ni chaneli moja na linategemea sauti ndogo mno, ukilipa ya deki linapasuka. Tafuta kifaa kidogo cha sauti cha USB chenye tundu la kuingizia la "LINE", chaneli mbili. Cha bei nafuu kinatosha. Waya utoke LINE OUT ya deki, sio kwenye tundu la spika.

Kabla ya kucheza kanda yoyote safisha vichwa vya deki kwa pamba na spiriti safi, pamba itatoka ya kahawia. Kisha sikiliza. Kama sauti imefunikwa, karibu na kichwa cha kusomea kuna skrubu ndogo inayoinamisha kichwa. Izungushe kidogo kidogo kanda ikiwa inacheza, mpaka sauti za ala ya kanuni na matoazi zifunguke. Kila kanda iliyorikodiwa kwa deki nyingine ina pembe yake, kwa hiyo utaigusa tena na tena.

Kwenye Audacity rikodi upande mzima wa kanda bila kukata, dakika 30 kwa C60 au 45 kwa C90. Weka biti 24, kilele cha sauti kisizidi dB -6. Ukimaliza toa FLAC, na hiyo ndiyo faili mama. Mradi wa Audacity wenyewe, ile .aup3, sio faili ya sauti, usiuhesabu kama akiba. Kukata wimbo mmoja mmoja na kugeuza MP3 za kuwatumia ndugu kunafuata baadaye, kutoka kwenye nakala.

Kuhusu kuondoa mvumo wa kanda: Audacity inayo zana yake, na inavutia kuitumia kupita kiasi. Inapotoa mvumo inatoa na pumzi ya mwimbaji na mtetemo wa fidla. Kwenye faili mama usiitumie kabisa.

#15 MswahiliWaMaskati

Allah akulipe kheri mzee. Kifaa cha USB nakitafuta kesho. WhatsApp naweza kuwatumia ndugu moja kwa moja?

#16 BintiKizingo

Watumie kama waraka, sio kama sauti ya kurikodi. Ile sauti ya kurikodi WhatsApp inaibana kwa Opus ya kiwango cha chini, imeundwa kwa maongezi, taarab itatoka kama inapigwa ndani ya pipa. Waraka unafika kama ulivyotumwa.

#17 MtaaWaTegeta

Wakuu mrejesho. Sabufa inasoma zote sasa, gari nalo. Limebaki jambo moja linanitia wazimu: nyimbo zimepewa namba 01, 02, 03, lakini sabufa inaanza na 07, inaenda 12, inarudi 01. Laptopu inazionyesha kwa mpangilio mzuri tu.

#18 FundiSabufa

Laptopu inapanga kwa jina. Sabufa haipangi, inapiga kwa jinsi nyimbo zilivyoandikwa kwenye jedwali la FAT32, yaani ipi iliingia kwanza. Ulipoburuta uliteua zote halafu ukashika wimbo wa 07 kwa kipanya, Windows inaanza kunakili na ule ulioushika. Fomati flashi, chagua nyimbo zote, kisha shika ule wa 01 ndio uburute. Usiongeze nyimbo katikati baadaye, zitakwenda mwisho au kuziba mapengo ya zilizofutwa. Kwenye Linux kuna fatsort inapanga upya bila kufuta.

#19 PanyaBuku

Naongezea kwa wenye Mac: ukinakili kwenye flashi inaacha faili zilizofichwa zinazoanza na `._`, redio inazihesabu kama nyimbo na kuandika ERROR. Zifute kwa `dot_clean -m` ikifuatiwa na njia ya flashi.

#20 MtaaWaTegeta

Fundi, imekubali. 01 mpaka mwisho, imenyooka.

#21 DJ Kibatari

Mzee, nimefungua Spek. Nyimbo nyingi zangu zimekatwa kwenye 16 kama ulivyosema, nyingine hata hapo hazifiki. Sibishi tena, naanza kununua za kueleweka. Ila nina video za shoo zetu wenyewe, mpiga picha ametupa MP4, nataka sauti tu ya kuwekea kwenye mashine. Natoaje bila kuitupa mara ya pili?

#22 BintiKizingo

Usiigeuze, itoe tu kama ilivyo:

`ffmpeg -i shoo.mp4 -vn -c:a copy shoo.m4a`

Hiyo `copy` inahamisha AAC iliyomo kwenye video bila kuifungua. Itamaliza kwa sekunde chache hata kama shoo ni ya saa mbili. Ikilalamika, basi sauti ya ndani sio AAC. Andika `ffprobe shoo.mp4` uone ni nini, uje uiweke hapa.

#23 DJ Kibatari

Imetoka dada, na mashine imeisoma.